Nasaba Mbele ya Kamera: Usimulizi wa Historia za Koo katika Pwani ya Malindi na Kilifi

1.0 Utangulizi

Katika miaka ya karibuni usimulizi wa historia za koo katika pwani ya Kenya umepata uwanja mpya. Mjukuu humketisha babu yake chini ya mwembe, humwelekezea simu ya mkononi, kisha humwomba awataje wahenga wake na mahali walikotoka. Masimulizi hayo hutiwa katika intaneti, yakatazamwa Mombasa, Nairobi, Muscat na London kabla jua halijachwa. Hali hii ilitayarishwa na mambo yanayojulikana: YouTube ilianzishwa mwaka 2005, nyaya za mawasiliano za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zikafikishwa Mombasa mwaka 2009, na simu zenye kamera zikazidi kuenea hata vijijini.

Ni rahisi kulitazama jambo hili kwa jicho moja tu. Anayelishangilia atasema kwamba sauti za wazee zimeokolewa na kaburi. Anayelihofia atasema kwamba fasihi simulizi imeuzwa sokoni. Makala haya hayafuati njia yoyote kati ya hizo mbili. Hoja yake ni kwamba katika eneo la Malindi na Kilifi historia ya ukoo haikuwa kauli ya mtu mmoja. Ilikuwa kauli iliyotolewa mbele ya mashahidi waliokuwa na haki ya kuisahihisha, na yenye mipaka kuhusu nani asikie nini. Video ya mtandaoni huihifadhi sauti ya msimulizi, lakini humwondoa shahidi na kumweka mtazamaji mahali pake. Mtazamaji si shahidi, na tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kumshughulisha mhakiki.

2.0 Hadhira kama Hati

Mulokozi (1996) alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio linalofungamana na fanani, hadhira, mahali na wakati. Katika masimulizi ya nasaba, hadhira ina kazi nzito kuliko katika ngano. Ngano ikikosewa, watoto hucheka. Nasaba ikikosewa, mtu aweza kupoteza shamba, mke au urithi.

Ushahidi mzuri wa jambo hili unapatikana katika utafiti wa David Parkin miongoni mwa Wagiriama wa sehemu za Kaloleni. Katika kitabu chake cha mwaka 1972, Parkin alionyesha jinsi minazi na ardhi zilivyokuwa zikinunuliwa na kuwekwa rehani pasipo hati za serikali. Tajiri aliyenunua minazi ya jirani yake aliwahitaji wazee wa kumshuhudia, siku hiyo na miaka mingi baadaye, iwapo mtoto wa muuzaji angedai kwamba minazi ile ilikuwa ya rehani tu. Mahari, mazishi na ulevi wa tembo la mnazi vilikuwa nafasi za kuwakusanya mashahidi. Wazee waliokula na kunywa pale walikuwa pia rejista ya ardhi. Anayesimulia kwamba babu yake alimpa fulani sehemu ya kulima anatoa ushahidi juu ya mali, na waliomzunguka wana sababu ya kumsikiliza kwa makini.

Muundo wa majina nao unadai hadhira yenye maarifa. Kwa desturi ya Wagiriama, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na jina la baba hufuata lake. Karisa wa Katana humzaa Katana wa Karisa, naye humzaa Karisa wa Katana. Orodha ya vizazi sita yaweza kuwa na majina mawili tu. Kwa mgeni, orodha hiyo ni mwangwi usio na mwisho. Kwa wanaukoo, kila Karisa ana alama yake: huyu ndiye aliyevuka Sabaki, yule ndiye aliyezikwa wakati wa njaa fulani, wa tatu ndiye aliyeoa kutoka mbari nyingine. Alama hizo mara nyingi hazitamkwi, kwa kuwa wasikilizaji wanazijua. Kamera hunasa majina tu. Kile ambacho wasikilizaji wangekijazia hakimo ndani ya picha.

3.0 Kutoka Sikioni hadi Winoni

Haifai kudhani kwamba simu ya mkononi ndicho chombo cha kwanza kuyagandisha masimulizi ya koo za pwani. Wino ulitangulia. Habari za Pate, ambazo kwa hakika ni historia ya nyumba ya Nabahani, zilitufikia kwa njia inayofanana mno na hii ya leo. Mzee wa nyumba hiyo, Muhammad bin Fumo Omar Nabahani, aliyejulikana kwa jina la Bwana Kitini, alizisimulia kwa wageni waliotaka kuziandika. Stigand alichapisha tafsiri yake mwaka 1913, na wengine wakachapisha matini nyingine. Nuskha ya asili inasemekana kuangamia Witu iliposhambuliwa na Waingereza mwaka 1890. Marina Tolmacheva alipozikusanya matini hizo katika kitabu kimoja mwaka 1993, ilidhihirika kwamba hazilingani katika tarehe, katika mpangilio wa watawala wala katika matukio yaliyotiliwa mkazo.

Tofauti hizo zimewatatiza wanahistoria waliotafuta matini moja sahihi. Kwa mhakiki wa fasihi, zinafundisha jambo jingine. Bwana Kitini hakuwa akisoma kitabu. Alikuwa akisimulia, na kila msikilizaji alipewa masimulizi yaliyolingana na maswali yake na wakati wake. Kalamu iliyagandisha masimulizi ya siku moja na kuyaita historia ya Pate.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Kilifi. Mazrui, baada ya kushindwa na Seyyid Said mjini Mombasa mwaka 1837, waligawanyika. Baadhi yao walihamia Gazi na wengine Takaungu. Historia ya ukoo huo iliandikwa kwa Kiarabu na mmoja wao, Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyefariki mwaka 1947. Haikuchapishwa kama kitabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza hadi mwaka 1995. Kwa karibu nusu karne iliishi katika muswada, ikisomwa na watu waliojua imeandikwa na nani na kwa nini. Mwandishi alikuwa mwanachuoni na kadhi. Aliyapima masimulizi ya jamaa zake kwa maandishi mengine. Alifanya kwa kalamu kazi ambayo wazee wa kikao huifanya kwa kuingilia kati na kusema: hapana, sivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo kugandishwa kwa masimulizi peke yake si jambo geni. Jipya ni kasi na upana wa hadhira. Muswada wa Sheikh al-Amin ulikuwa na wasomaji wachache wenye uwezo wa kumjibu. Video huwa na watazamaji wengi, na walio wengi kati yao hawana cha kujibu.

4.0 Yanayonyamazwa

Methali husema: mwacha asili ni mtumwa. Hutajwa mara kwa mara kuwahimiza vijana watafute habari za mababu. Katika Malindi methali hiyo ina makali ambayo huenda wanaoitaja hawayakusudii, kwa sababu wako wengi ambao asili haikuachwa nao, walinyang'anywa.

Malindi iliyompokea Vasco da Gama mwaka 1498 ilikuwa imedhoofika na hatimaye kuhamwa baada ya watawala wake kuhamia Mombasa mwishoni mwa karne ya 16. Mji tunaoujua leo ulifufuliwa mwaka 1861, zama za Seyyid Majid wa Zanzibar, na ulifufuliwa kwa kazi ya watumwa. Frederick Cooper (1977) alieleza jinsi mashamba ya mtama na ufuta yalivyopanuka kwa haraka kuzunguka mji huo, yakilimwa na watu waliochukuliwa kutoka pande za Ziwa Nyasa na kwingineko. Wengi walitoroka. Fred Morton (1990) ameandika historia ya watoro hao na vijiji vyao, kikiwamo Fuladoyo katika bara ya Takaungu na Malindi, ambako watoro waliishi pamoja na Wagiriama Wakristo hadi kijiji kiliposhambuliwa katika miaka ya 1880. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907 tu.

Wajukuu wa watumwa hao hawakutoweka. Wengine waliingia katika koo za waliokuwa mabwana wao. Wengine walipokewa na Wagiriama. Wengine walijiita Waswahili bila kuongeza neno. Kupokewa huko kulitegemea makubaliano ya kimya. Katika kikao cha ukoo wa namna hiyo, mzee ajuaye kwamba tawi fulani lilianzia kwa mtoro halisemi jambo hilo mbele ya wakwe, hasa pale ambapo sharti la kufu katika ndoa lilizingatiwa. Hulisema kwa mtu mmoja au wawili, kwa sauti ya chini, pale inapolazimika. Kimya hicho ni sehemu ya fani. Wanaukoo wanajua kilipo, na heshima ya watu wanaoishi hukilinda.

Mbele ya kamera, kimya hicho huwa na hatari mbili. Mzee akikitunza, video huonyesha nasaba safi isiyo na mtumwa hata mmoja, na kizazi kijacho, kisichojua kwamba kulikuwa na pengo, huichukua kuwa kweli tupu. Historia ya maelfu ya watu waliolima Malindi hufutwa mara ya pili. Akikivunja, jirani ambaye hakuulizwa hujikuta ametangazwa duniani kuwa mjukuu wa mtumwa. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inamhusu mtu aliye hai na habari zake mwenyewe. Haikutungwa kwa ajili ya babu wa pamoja ambaye kila tawi lina sababu yake ya kumtaja au kutomtaja.

Suala la ardhi huongeza uzito. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani wayawasilishe, na wengi wa Mijikenda hawakuweza au hawakujua. Tangu hapo, familia zilizolima sehemu moja kwa vizazi kadhaa zimekuwa zikiitwa maskwota katika maandishi ya serikali. Katika mazingira kama hayo, mzee anayesema mbele ya simu kwamba “hapa tulipewa na fulani tulipohamia” ametoa kauli ambayo yaweza kugeuzwa kinyume chake na yeyote mwenye hati. Kosa la ulimi ambalo shahidi kikaoni angelisahihisha papo hapo hubaki limehifadhiwa.

Wazee wenyewe wamo hatarini. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo pana ugomvi wa shamba na urithi. Baadhi ya waliotishiwa wamepata hifadhi katika Kaya Godoma, sehemu za Ganze. Mzee anayejua mipaka ya mashamba na nasaba za watu ndiye huyo huyo ambaye maarifa yake yanamchukiza anayetaka kurithi kabla ya wakati. Kumrekodi kwaweza kuyaokoa maarifa hayo. Kumtangaza pamoja na jina lake na kijiji chake ni jambo jingine.

5.0 Masimulizi Yanapojirudia

David Henige (1974) alionyesha jinsi maandishi yanavyoyarudia masimulizi na kuyabadilisha, hata mtafiti akajikuta anaandika alichokisoma msimulizi wake. Pwani ya Kenya ina mfano mashuhuri. Mijikenda husimulia kwamba walitoka Shungwaya, kaskazini, wakashuka hadi kwenye makaya yao. Fred Morton (1972) alidai kwamba masimulizi hayo hayakuwako miongoni mwao kabla ya mwisho wa karne ya 19. Thomas Spear alimpinga mwaka 1974, na katika kitabu chake cha mwaka 1978 akayatumia masimulizi ya wazee kuijenga historia ya kaya. Justin Willis (1993) naye aliangalia jinsi jina lenyewe la Mijikenda lilivyojengwa katika siasa za Mombasa ya karne ya 20. Mjadala huo haukuisha kwa ushindi wa upande mmoja. Ulithibitisha, hata hivyo, kwamba msimulizi na mwandishi wamekuwa wakisikilizana kwa muda mrefu.

Video inaongeza kasi ya mrejeo huo. Mfano ni masimulizi ya Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kupinga kodi na kazi za shuruti mwaka 1913. Alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, akahamishwa hadi magharibi ya nchi, akatoroka na kurudi mwaka 1914. Mwezi Agosti mwaka huo Waingereza waliibomoa Kaya Giriama kwa baruti. Cynthia Brantley (1981) aliandika historia hiyo kwa kutumia nyaraka za serikali na masimulizi ya wazee, akaonyesha mvutano wa vijana na wazee, wa kaya na wafanyabiashara wa mbali, wa walioapa na waliosita.

Katika masimulizi yaliyoenea mtandaoni, hasa baada ya Google kumwadhimisha Mekatilili mwezi Agosti mwaka 2020, mvutano huo hufifia. Kinachobaki ni kisa cha kuku na vifaranga: Mekatilili amtaka Champion, ofisa wa serikali, amnyang'anye kuku kifaranga chake, naye adonolewe. Ni kisa kizuri, na fasihi simulizi haina sababu ya kukionea haya. Shida hutokea pale kisa kimoja kinapokuwa kipimo. Familia ambazo mababu zao walikula kiapo, zile ambazo mababu zao walikuwa wazee wa serikali, na zile zilizofukuzwa kutoka ng'ambo ya Sabaki baada ya vita, zote zilikuwa na masimulizi yao yasiyofanana. Mjukuu aliyezoea kisa cha kuku humwuliza babu yake kuhusu kuku. Babu, kwa adabu ya mwenyeji, humpa anachokitaka. Masimulizi ya ukoo huanza kuvaa sare.

6.0 Picha Iliyomrudisha Mhenga

Yapo lakini mambo yanayoipinga hoja hii, na hayapaswi kufichwa. Muhimu zaidi ni lile la vigango. Kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa na kusimikwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa chama cha Gohu. Kwa maana fulani ndicho kumbukumbu ya ukoo inayoonekana kwa macho: mhenga amesimama uani mwa wazao wake. Tangu miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viliibwa na kuuzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, na mamia vikaishia katika majumba ya makumbusho ya Marekani.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa mbele ya vigango viwili alivyovisimika kwa ajili ya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vigango hivyo viliibwa. Mwaka 1999 Udvardy alikiona kimojawapo katika picha zilizoonyeshwa na mtafiti mwenzake, Linda Giles. Kilikuwa katika jimbo la Illinois. Kingine kilipatikana katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Hampton, jimboni Virginia. Kile cha Illinois kilirudishwa Kenya mwaka 2006 na kukabidhiwa familia mwezi Juni mwaka 2007. Bila ile picha ya mwaka 1985, isingewezekana kuthibitisha kwamba mti ule ndio mhenga yule.

Hapa picha ilifanya kazi ya shahidi. Lakini iliifanya kwa sababu gani? Aliyeipiga alijua ni ya nani, ilipigwa wapi na lini. Alirudi kwa familia ileile kuuliza. Na jamaa waliitambua na kuithibitisha. Picha ilirejeshwa kikaoni. Picha hiyohiyo, lau ingalienea ikionyesha boma na njia ya kulifikia, ingaliweza kuwa ramani ya mwizi. Kati ya ushahidi na ramani hapakuwa na tofauti ya lenzi. Tofauti ilikuwa katika uhusiano wa aliyeshika kamera na waliokuwa mbele yake.

Makaya nayo yako katika hali hiyo. Misitu mitakatifu ya makaya ya Mijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na mwaka 2009 mila zake zikawekwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kutambuliwa huko kumevuta kamera nyingi. Hata hivyo Parkin (1991), akiandika juu ya kaya ya Wagiriama, alieleza kwamba nguvu ya mahali hapo ilitokana kwa kiasi kikubwa na utupu wake: wengi waliotaja kaya waliishi mbali nayo na hawakuiona. Kitu kinachoheshimiwa kwa kutoonekana hakiwezi kuonyeshwa bila kugeuka kitu kingine.

7.0 Hitimisho

Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni humtazama mwenye mali kuwa jamii. Historia ya ukoo ni ndogo kuliko jamii na kubwa kuliko mtu mmoja. Kwa hiyo ulinzi wake wa kwanza utatoka kwa wenyewe na kwa wale wanaoisoma. Wazee wa eneo hili walikuwa na utaratibu uliotimiza kazi hiyo: msimulizi hakuketi peke yake, tawi lililotajwa lilikuwapo au liliwakilishwa, na kauli iliyokosewa ilisahihishwa kabla watu hawajatawanyika. Hakuna linalozuia utaratibu huo kufuatwa mbele ya kamera. Mzee aweza kurekodiwa akiwa na ndugu zake, pamoja na ubishi wao. Kanda yaweza kubaki mikononi mwa ukoo, na sehemu yake tu ikatangazwa. Masimulizi ya tawi la pili yaweza kuwekwa kando ya yale ya kwanza bila mojawapo kuitwa sahihi.

Kwa mhakiki na mwanafunzi wa fasihi, wajibu ni kuisoma kila video kama Tolmacheva alivyozisoma Habari za Pate: masimulizi ya siku moja, ya mtu mmoja, kwa msikilizaji fulani. Ni lazima kuuliza aliyeshika simu ni nani kwa msimulizi, ni nani hakualikwa, na ni jina gani lililorukwa. Swali hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote katika Malindi, ambako mashamba yalilimwa na watu ambao nasaba nyingi haziwataji. Mtafiti anayeligundua jina hilo atakuwa amepata data. Kama atakuwa pia na ruhusa ya kulitamka, hilo litaamuliwa na wale ambao kesho wataendelea kuishi na jirani zao.